Maswali ya Wasomaji: Pipa la Kubanikia Linapokataa Kutii

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kugeuza pipa la chuma la lita 200 kuwa jiko la kubanikia nyama na samaki kwa moshi wa mkaa, kapu la mkaa likiwa chini, wavu wa nyama juu, na mfuniko ukifunga vyote. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi, na karibu zote zinalalamikia joto: linapanda bila kuitwa, linashuka bila kuagizwa, au linasomeka hivi kwenye kipimajoto huku nyama ikieleza vingine. Tumechagua nne.

Swali: Ndugu Mhariri, nilitengenezewa pipa na fundi wa kuchomelea hapa mtaani kwetu. Lina matundu manane ya milimita 25 kuzunguka sehemu ya chini, mlango ubavuni wa kuongezea mkaa, na bomba la moshi la milimita 50 kwenye mfuniko. Nataka kupika kidari cha ng'ombe taratibu kwa nyuzijoto 120, lakini ndani ya saa moja kipimajoto husoma 200. Nikiziba matundu ya chini, hakuna kinachobadilika. Nikiziba bomba la juu joto hushuka, lakini nyama hutoka nyeusi na chungu. Je, kosa ni la mkaa, la fundi au ni langu?
*Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam*

Jibu: Ndugu msomaji, kosa mmegawana, ila fungu kubwa liko kwenye ule mlango wa ubavuni. Maneno yako mwenyewe yanatosha kuwa ushahidi: moto ambao haujali matundu yake yakizibwa ni moto unaopata hewa kwingine. Mpishi yeyote aliyewahi kuchemsha maharage kwenye jiko la mkaa anaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuisema kwa maneno. Maharage yakishachemka, hapunguzi mkaa, bali anasogeza kile kimlango cha chini ya jiko, na moto unatulia. Pipa lako ni jiko lile lile lililorefushwa na kufunikwa, na tofauti ni kwamba limetobolewa mahali pengi kuliko unavyodhani.

Inafaa kujua ni hewa kiasi gani tunayoizungumzia, kwa sababu watu wengi huidharau. Kilo moja ya kaboni ili iungue yote huhitaji karibu kilo 11 na nusu za hewa, ambazo hapo Kigamboni ni zaidi ya mita 9 za ujazo. Pipa langu linapotulia kwenye nyuzi 120 hula takribani nusu kilo ya mkaa kwa saa. Kwa kuwa mkaa si kaboni tupu, mahitaji yake huwa karibu mita 4 za ujazo kila saa, maana yake pipa zima hubadilisha hewa yake karibu mara 20 kwa saa hata wakati linapoonekana limelala. Hewa yote hiyo yaweza kupita kwenye tundu moja au mawili ya milimita 25. Wewe unayo manane, ukiacha ufa wa mlango, na ufa wa upana wa milimita 2 unaozunguka mlango wenye mzingo wa mita moja ni sawa na matundu mengine manne yasiyo na kizibo.

Anza basi kwa kutafuta mivujo kabla ya kugusa kitu kingine. Usiku, weka tochi kubwa inayowaka ndani ya pipa, funga kila kitu, kisha lizunguke gizani: popote mwanga unapotoka, hewa inaingia. Jaribio la pili ni la moshi. Washa makaa machache, tupia majani mabichi kidogo, ziba matundu yote na bomba, halafu tazama moshi unajipenyeza wapi. Mara nyingi utauona kwenye bawaba, kwenye ukingo wa mfuniko uliopinda, na pale bomba lilipoingizwa kwenye mfuniko bila kuchomelewa mzunguko mzima. Mishono isiyofunguliwa mwambie fundi aichomelee upya. Ukingo wa mfuniko na wa mlango uwekee ile kamba ya nyuzi za kioo wanayozibia milango ya majiko, au gundi ya silikoni inayostahimili joto kali, ukiiacha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikiwa vyote viwili havipatikani, udongo wa mfinyanzi uliokandwa na jivu huziba vizuri sana mahali pasipofunguliwa, ingawa hupasuka na kuhitaji kukandikwa tena kila baada ya muda. Kuhusu mlango wenyewe, rai yangu ni uuchomelee ufe. Kapu likijazwa vizuri mwanzoni, hakuna haja ya kuongeza mkaa katikati ya mapishi, na kila mlango unaofunguliwa karibu na makaa ni mwaliko kwa moto.

Ukishamaliza hapo, yazibe moja kwa moja matundu matano kati ya yale manane, ubakize matatu yaliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka pipa. Mawili yawe na kizibo cha kufunga au kufungua tu, na la tatu liwe na koki au kipande cha bati kinachozunguka kwenye boliti, ili uweze kupunguza kidogo kidogo. Zingatia kwamba tundu la milimita 12 halipitishi nusu ya hewa ya tundu la milimita 25, bali hupitisha karibu robo tu, kwa hiyo msogeo mdogo wa kile kibati una uzito mkubwa kuliko macho yanavyokuambia.

Nije sasa kwenye bomba la juu, ambalo ndilo lililokuharibia nyama. Bomba la moshi halifungwi wakati wa kupika. Hewa huingia chini kwa sababu hewa moto inatoka juu. Ile ya ndani ni nyepesi, hupanda, na kuivuta ile ya nje iingie nyuma yake, kama inavyokuwa kwenye dohani yoyote. Ukiziba juu, kweli moto utapungua, lakini moshi uliokwisha kutumika utabaki umeizunguka nyama, utapoa, na lami yake itaganda juu ya nyama na kwenye kuta za pipa. Huo ndio uchungu unaousema. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 120 hupanuka kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo njia ya kutokea inapaswa kuwa pana kuliko njia ya kuingilia. Matundu yako matatu yakiwa wazi yote yana eneo la sentimita za mraba karibu 15, na bomba lako la milimita 50 lina karibu 20. Linatosha. Ukilirefusha lifike sentimita 30 au 40 juu ya mfuniko, mvuto utaongezeka na pipa halitayumba sana upepo unapobadilika.

Hata pipa lisilovuja litakushinda ukiliwasha kwa pupa. Wengi huwasha kapu zima likawa jekundu, kisha hujaribu kulizima nusu, na hiyo ni kazi ya kumrudisha mbuzi zizini akiwa ameshaonja mahindi. Jaza kapu mkaa usiowashwa, kilo 3 au 4, fukua shimo katikati, kisha weka humo makaa kumi au kumi na mawili yaliyokwisha kushika moto. Moto utatembea polepole kutoka kaa hadi kaa kwa saa nyingi. Wamarekani wanaoshindana katika mapishi haya huita njia hiyo kwa jina la Jim Minion, mpishi aliyeieneza. Acha matundu yote matatu wazi hadi kipimajoto kifike nyuzi 95 au 100, yaani kabla hujafika unakotaka, kisha ziba moja, halafu la pili, na ubaki ukichezea lile la koki. Baada ya kila badiliko subiri dakika 15 hadi 20 bila kugusa chochote, kwa kuwa chuma, nyama na mkaa huchukua muda kukubaliana na hali mpya. Anayegusa koki kila baada ya dakika tatu huwa anasahihisha makosa ya nusu saa iliyopita.

Na usifungue mfuniko ovyo. Joto linalotoka si hasara kubwa, kwani hurudi. Hasara ni hewa mpya inayomiminika juu ya makaa yaliyokuwa na njaa nayo, na ndiyo maana dakika kumi baada ya kuchungulia utakuta pipa limepanda nyuzi 30 juu ya pale lilipokuwa. Ikikulazimu kufungua, ziba kwanza matundu ya chini, fungua, fanya kazi yako haraka, funika, kisha zibua.

Mkaa nao una sehemu yake katika kesi hii, ingawa ndogo. Uchekeche. Chenga zikijaa kwenye kapu huziba nafasi kati ya makaa, hewa ikakosa njia, na moto ukafa upande mmoja huku upande wa pili ukivuma. Kapu liinuliwe sentimita 8 au 10 kutoka sakafu ya pipa, ili jivu lipate pa kudondokea bila kufukia matundu. Mkaa wa miti migumu kama mgunga hukaa muda mrefu na kwa utulivu kuliko ule mwepesi unaolia kama vigae vyembamba ukiumimina.

Kidari chako cha kwanza kikikwama kwenye nyuzi 70 hivi kwa saa mbili au tatu, usidhani pipa limeharibika na kuanza kufungua matundu. Nyama inatoa jasho, na jasho hilo linapogeuka mvuke huipoza kwa kiwango kile kile ambacho moto unaipasha. Mimi sikulijua hilo mara ya kwanza. Nilichochea moto hadi nyuzi 180, na wageni wangu walikula kwa adabu tu.

Swali: Ndugu Mhariri, nina pipa lisilovuja na ninafuata maelekezo yote, lakini kipimajoto cha kwenye mfuniko husoma 120 na nyama huungua upande wa chini. Tena huku kwetu kuna baridi na upepo, na moto wangu huchelewa sana kupanda kuliko wa ndugu yangu aliyeko Tanga mwenye pipa kama hili. Nini tofauti?
*Msomaji, Njombe*

Jibu: Ndugu msomaji, usikiamini kipimajoto hadi ukihoji. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, lakini kumbuka ulipo: maji ya Tanga huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 93 au 94. Kikisoma 100 hapo kwako, kinakudanganya kwa nyuzi 6 hivi, na huna sababu ya kukitupa. Andika tofauti hiyo kwa kalamu isiyofutika juu ya mfuniko na uitoe kila unaposoma.

Hata hivyo, kipimajoto sahihi kikiwekwa mahali pasipo pake hakikusaidii sana. Cha kwenye mfuniko hupima hewa iliyo juu ya nyama, karibu na chuma kinachopozwa na upepo wa Njombe, na huweza kutofautiana na hali ya kwenye wavu kwa nyuzi 15, 20 au zaidi. Nunua kile chenye waya, uchomeke ncha yake katika nusu ya kiazi mviringo ili itokeze upande wa pili, kisha weka kiazi hicho juu ya wavu, sentimita tano kutoka kwenye nyama. Usikiegemeze kwenye nyama mbichi, maana kitapima ubaridi wake.

Nyama kuungua chini ni dalili kwamba inaona makaa ana kwa ana. Umbali kati ya makaa na wavu usipungue sentimita 60, na kama pipa lako halina nafasi hiyo, weka kati yao sinia zito la chuma lenye kipenyo kidogo kuliko pipa ili hewa moto ipite pembeni. Sufuria pana ya maji hufanya kazi hiyo hiyo kwa ustadi zaidi, kwa kuwa maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka na hivyo hunyonya joto linapozidi na kulirudisha linapopungua. Gharama yake ni kwamba utatumia mkaa mwingi zaidi. Usitumie kipande cha bati la kuezekea kwa kazi hii, kwani limepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali la makaa hutoa mafusho yenye madhara.

Kuhusu ndugu yako wa Tanga, hamko sawa hata mapipa yenu yangekuwa mapacha. Kwenye mwinuko wenu hewa ni nyembamba kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo tundu lile lile humlisha moto oksijeni pungufu. Zidisha uwazi kidogo na usione haya. Upepo nao una tabia mbili zinazopingana: ukiingia moja kwa moja kwenye matundu huvuvia makaa kama mivukuto ya mhunzi, na ukipita juu ya bomba huongeza mvuto. Simamisha kizuizi cha mabati au mbao kiasi cha mita moja kutoka kwenye pipa upande upepo unakotokea, na uligeuze pipa tundu la koki likae upande uliokingwa. Ila kwa baridi ya Juni na Julai usishawishike kulihamishia ndani au kwenye baraza iliyozibwa. Mkaa unaonyimwa hewa, ambao ndio tunaoutaka katika mapishi haya, hutoa hewa ya ukaa yenye sumu, ile ya monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu wengi waliojifungia na jiko.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama ninayebanika sangara kwa ajili ya kuuza. Natumia pipa lililokatwa nusu kwa urefu, wavu juu, na gunia lililoloweshwa kufunika. Samaki wa katikati huungua, wa pembeni hubaki wabichi, na moto huniwakia ghafla mafuta yakidondoka. Je, haya ya hewa yananihusu na mimi?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Yanakuhusu, mama, tena pengine kuliko wote, kwa sababu chombo chako hakina kinachoizuia hewa kuingia wala kinachoiongoza kutoka. Nusu pipa ni wazi pande zote. Moto unajiamulia, na gunia linachoweza ni kuuadhibu tu baada ya kosa.

Hatua ya bei nafuu ni kubadili kifuniko kwanza. Tengeneza fremu za mbao zenye wavu chini, zinazokaa moja juu ya nyingine bila mwanya, samaki wakiwa ndani ya kila fremu. Fremu zikipangwa tatu, nne au zaidi, kuta zake zenyewe hugeuka kuwa dohani: joto na moshi hupanda kupitia samaki wote badala ya kutorokea pembeni. Hivyo ndivyo lilivyobuniwa tanuri la Chorkor, lililopewa jina la mtaa wa wavuvi wa Accra nchini Ghana na kuenea sehemu nyingi za Afrika. Fremu huhamishwa, ya chini ikaenda juu na ya juu ikashuka, na hapo lile tatizo la katikati na pembeni hupungua sana. Tundu la kulishia moto liwe moja, upande wa mbele, lenye kibati cha kulifunga kiasi unachotaka.

Mafuta yanayodondokea makaa hukuletea hasara mara mbili. Huwasha miali, na moshi wake hubeba kemikali zinazoweza kusababisha saratani, ambazo zimewekewa mipaka katika masoko ya nje. Kwa mfano, Umoja wa Ulaya hauruhusu samaki wa moshi kuwa na zaidi ya mikrogramu 2 za benzopairini katika kila kilo. Weka sinia la chuma lililoinamia upande mmoja kati ya makaa na fremu ya chini, lenye mdomo wa kumwagia mafuta kwenye kopo nje. Tanuri la FTT, lililobuniwa Thiaroye nchini Senegal kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, limejengwa juu ya wazo hilo: samaki huivishwa kwanza kwa joto la makaa, mafuta hukusanywa pembeni, na moshi huletwa baadaye kutoka mahali pake baada ya kuchujwa. Huhitaji kulijenga lote ili kunufaika na mpangilio wake. Kwanza ivisha kwa makaa safi yasiyotoa moshi, kisha ongeza vifuu vya nazi au vipande vikavu vya mpera au mwembe, hewa ikiwa ya kutosha kuufanya moshi uwe mwembamba na wa rangi ya samawati. Ukiuona mweupe mzito kama pamba, moto unabanwa au kuni ni mbichi. Msonobari usiutumie kabisa kwa ajili ya utomvu wake.

Swali: Je, naweza kufunga feni ndogo ya kompyuta kwenye tundu la chini ili ijiendeshe yenyewe nikilala?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Unaweza, na vifaa vilivyokamilika vya namna hiyo vinauzwa: kipimajoto kilichounganishwa na feni, kinachopuliza joto likishuka na kunyamaza likifika. Kinachosahaulika ni kwamba feni huongeza hewa tu na haiwezi kuipunguza, kwa hiyo kwenye pipa linalovuja itakaa kimya huku moto ukipanda wenyewe. Ziba mivujo kwanza, acha tundu la feni pekee likiwa wazi, punguza bomba la juu hadi theluthi yake hivi, maana hapa mvuto wa asili lazima uwe mdogo kuliko nguvu ya feni, na hapa ndipo penye ruhusa pekee ya kuligusa. Feni ya plastiki isikae kwenye pipa lenyewe. Iunganishe kwa kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa sentimita 20 au zaidi. Kabla ya kulala, uliangalie pipa kwa saa mbili mfululizo. Likipanda kwa zaidi ya nyuzi 10 feni ikiwa imezimwa, usilale bado. Ukimaliza kupika, zima feni, ziba chini na juu, na asubuhi mkaa uliobaki utaukuta umezimika, tayari kuchekechwa na kurudishwa kwenye kapu.